Kwa Niaba Ya

Miaka kumi na tisa nimepiga chapa barua za watu
katika ofisi ya maji, Ibra, ghorofa ya pili,
dirisha langu likitazama maegesho na mtende mmoja
uliofungwa kamba usije ukaliangukia gari la mkurugenzi.
"Tunapenda kuwajulisha." "Imeamuliwa kwamba."
Nani kaamua? Barua haisemi.
Chini kabisa, kwa wino wa buluu, *kwa niaba ya*,
kisha jina langu, dogo, kama chawa kwenye mshono.

Kiarabu changu cha karatasi kimenyooka, kimepigwa pasi.
Cha mdomoni bado nakipima kabla sijakitoa,
kama mtu anayehesabu chenji gizani.

Usiku, watoto wakishalala
na kiyoyozi kikianza kikohozi chake cha saa tano,
nakunja miguu juu ya kochi, nashika simu,
naandika Kiswahili.

Mwanzo nilijiita Mpita Njia.
Mpita Njia aliandika juu ya bei ya ndizi mzuzu,
juu ya muuza dawa aliyemsahihisha matamshi
naye jino linamuua.
Watu walisoma, wakacheka, wakapita.
Mpita Njia hana mama, hana mtaa.
Akikosea, nani atamdai?

Halafu siku moja, pengine ni harufu ya iliki tu,
nikamwandika mama.

Alivyoshuka garini, mwaka wa themanini na tano,
na kanga sita na mbuzi ya kukunia nazi,
asijue kuwa nazi hakuna.
Alivyokwenda kwenye falaji kujaza ndoo
akamwambia mke wa jirani "wewe" ya kiume,
kwa sababu kwetu yeye ni yeye,
awe bwana, awe bibi,
hata Mungu tunamwita yeye.
*Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.*
Mama alijaza ndoo yake. Hakumwaga tone.
Tangu hapo, mbele ya wageni, alisema kwa mikono,
mpaka tulipomzika.

Chini nikaweka Zuweina binti Mahfudh.
Jina zima.
Nikaituma, nikaenda kuosha masufuria
yaliyokwisha oshwa.

Asubuhi kaka yangu Humudi kanipigia kutoka Sohari:
"Mambo ya nyumbani unayaanika kama chupi?
Nani kakupa ruhusa?"

Sikuwa na jibu.
Muhuri wa kazi hiyo sina.
Hakuna mkubwa ambaye ningesema naandika kwa niaba yake.
Mama? Mama hakunituma.
Nikajifungia choo cha ofisi, kidole juu ya *Futa*,
nikaisoma tangu juu kwa jicho la Humudi,
jicho la mtu anayetafuta uongo,
na nikaupata.

*Walicheka.*

Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimeshika mpini wa ndoo.
Kiarabu cha shule kilishaniingia,
nilijua kosa liko wapi,
na binti wa jirani alikuwa ananitazama.

Sikufuta. Nilirudisha kidole nyuma,
nikatoa *wa*, nikatia *tu*.
Silabi moja. Mkono ulitetemeka
kuliko siku niliyotia saini ya ndoa.

Hiyo *tu* hakuna wa kuniandikia,
hakuna wa kunipa ruhusa nayo, wala wa kuikanusha.
Shahidi mwingine ni ndoo.

Humudi hajapiga tena. Sijui kama amesoma.

Jana mkurugenzi kaniita: barua ya kukata maji,
nyumba arubaini nyuma ya soko la zamani.
"Andika: imeamuliwa."
Nikamuuliza, kwa Kiarabu, bila kukipima kwanza,
"Imeamuliwa na nani? Niweke jina."

Aliinua macho kutoka kwenye kahawa.
Katikati ya sentensi nilikosea irabu,
niliisikia ikitoka.
Niliiacha ipite.